Mipangilio ya kamera ya Fujifilm X-T30 kwa picha za mtaani

Kaka, kwa X-T30 na lenzi ya 23mm pale Kariakoo, mchana weka f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), shata 1/500 ya sekunde, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe hadi 6400. Halafu zima otofokasi, yaani kamera kujilenga yenyewe, fokasi iache kwenye mita 2.5. Kwa f/8, kuanzia mita 1.5 hivi hadi karibu 10 kila kitu hutoka bila ukungu, kwa hiyo mama ntilie akigeuka na sufuria lake unabonyeza tu, bila kusubiri kamera itafute sura. Kwenye kusubiri huko ndiko picha nyingi nzuri hupotea! Shata ya kielektroniki haina sauti, naipenda sana, ila bodaboda ikipita kasi hutoka imepinda, na taa za LED huleta mistari. Jioni tumia shata ya kawaida, f/2.8, urudishe otofokasi.