Mama humeza dawa ya presha kichwa kikimgonga tu

SWALI: Assalaam alaikum, daktari. Mama yangu ana miaka 61, tunakaa Shela, Lamu. Ana presha ya kupanda, na kliniki walimwandikia amlodipini miligramu 10 na haidroklorothiazaidi miligramu 25, kila siku. Yeye humeza siku mbili tatu kichwa kikimgonga, kikitulia anaacha. Juzi alipimwa 172/98. Tukimsema anajibu kwamba mwili utazoea dawa. Je, kumeza na kuacha hivi kuna faida yoyote? Na tufanyeje akubali?

JIBU: Wa alaikumu salaam, mwanangu. Faida yake ni ndogo mno. Amlodipini huanza kazi polepole; humezwa kila siku kwa kiasi cha wiki nzima ndipo ikolee mwilini. Kichwa kikitulia baada ya vidonge viwili, huenda kilichomsaidia ni kulala tu. Tena kichwa si kipimo. Presha ya 170 mara nyingi haiumi popote, huku inakula figo na moyo kimya kimya.

Kuhusu kukubali, acheni kumsema kwanza. Muulizeni, tena mkiwa faraghani: dawa hizi zinakufanya nini? Wazee wetu wana haya, hawatamwambia mganga kijana kliniki.

Mtazameni miguu jioni. Bonyeza kwa kidole juu ya kifundo; pakibaki shimo, na makubadhi yaliyomwenea asubuhi sasa yanambana, shuku amlodipini. Kwa dozi ya miligramu 10, karibu mtu mmoja katika 10 huvimba, na wanawake zaidi. Dawa hiyo hulegeza mishipa midogo maji yakavujia miguuni, ndiyo maana dawa ya mkojo haiuondoi vizuri uvimbe huo. Daktari anaweza kupunguza iwe miligramu 5 na kuongeza losatani, baada ya kupima figo na potasiamu. Losatani husaidia presha na uvimbe pia hupungua. Lakini uvimbe ukiwa wa mguu mmoja, au akihema akilala chali, huo ni mwingine, apelekwe haraka.

Cha pili ni hiyo haidroklorothiazaidi, dawa ya mkojo. Fikiria mama ana safari ya Faza: boti imejaa wanawake kwa wanaume, choo hakuna. Nani atameza? Siku ya arusi vivyo hivyo. Ninavyoona mimi, huyo si mkaidi, amepiga hesabu yake akaona kidonge kitamwaibisha. Mwambieni siku ya safari ameze akishafika. Kuchelewa saa kadhaa si neno, mradi asimeze viwili kwa pamoja kufidia.

Hofu ya kuzoea ina mzizi wake: mtu anaona wenzake wakishaanza hawaachi, anadhani dawa imewashika. Kilichowashika ni ugonjwa. Dawa huizuia presha ikiwa imo mwilini tu, ikiisha presha inarudi palepale. Wengine watamwambia dawa huharibu figo. Presha isiyotibiwa ndiyo inayoziharibu zaidi. Habasoda na asali ale akipenda, ila zisichukue nafasi ya kidonge. Ng'onda na achari ndizo za kupunguza, kwa ile chumvi.

Wala mama yenu si peke yake. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2003 ilisema hata katika nchi tajiri ni kama nusu tu ya wenye maradhi ya muda mrefu wanaofuata dawa ipasavyo.

Jambo la vitendo: vidonge viwekwe pahali anapopaona kila siku, kando ya msala kwa mfano, ameze baada ya Alfajiri. Ramadhani ikikaribia, arudi kliniki wapange upya saa za kumeza. Dawa ikibaki ya wiki moja, mtu aende kuchukua nyingine. Asiazime kwa jirani, maana vidonge vya presha ni vya aina nyingi. Yule jirani akiwa anatumia atenololi, naye asiiache ghafla, moyo unaweza kumpiga vibaya.

Mkipima nyumbani, akae dakika tano ameegemea, kibofu kitupu, mkono juu ya meza, bila kuzungumza. Andikeni asubuhi na jioni kwa wiki moja, halafu mpeleke daftari kliniki pamoja na vidonge vilivyobaki, bila kuvificha. Daktari akiona 172 na hajui kwamba dawa hazimezwi, atamwongezea ya tatu.