Maswali ya Wasomaji: Penalti ya Okello, mbio za Kiplimo na ndoto ya 2027

Heri ya mwaka mpya wapenzi wa michezo. Meseji zimejaa kuliko kawaida na nyingi zina machozi ndani yake, kwa hiyo wiki hii naachana na mambo ya Ulaya kabisa, Arsenal na Man U watangoja, tuongee ya kwetu Uganda.

Kaka, nina duka la spea za pikipiki hapa Mutukula mpakani na nusu ya wateja wangu ni Watanzania. Tangu ile sare ya Rabat wananiita Okello. Mtu anauliza bei ya tairi huku anacheka. Niambie ukweli, tumsamehe huyu kijana au tusimsamehe? Na mwaka 2025 tuuandike faida ama hasara?

Pole sana ndugu yangu, wewe umepata msiba mara mbili, tumetoka sisi halafu waliopita ni hao hao wateja wako.

Kwa wale waliokuwa kazini usiku ule wa tarehe 27 Desemba, ilikuwa hivi. AFCON ya Morocco, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, mechi ya pili ya kundi C, Simon Msuva wa Tanzania anatufunga kwa penalti, Uche Ikpeazu anasawazisha kwa kichwa dakika ya 80, halafu dakika za majeruhi tunapewa na sisi penalti, Allan Okello anaweka mpira, anapiga, unapaa juu ya goli. Ikaisha 1-1. Taifa Stars wakamaliza kundi na pointi 2 tu, ile sare yetu na nyingine na Tunisia, na zikawatosha kuingia 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yao. Sisi tukashika mkia na pointi 1. Piga hesabu mwenyewe, ile penalti ingeingia sisi tungemaliza na 3 wao na 1, na tungepita sisi. Sitakuja hapa kukwambia eti haikuwa kitu. Ilikuwa kitu kikubwa na hata mimi sikulala.

Lakini sasa nikurudishe nyuma kidogo, tarehe 18 Agosti, uwanja wetu wa taifa Namboole, CHAN, yaani kombe la Afrika la wanaocheza ligi za nchi zao, tunacheza na Afrika Kusini. Jude Ssemugabi alitupa bao la kwanza, tukaenda mapumziko tunacheka, kipindi cha pili jamaa wakarudi wakapiga matatu. 3-1. Na ujue tukifungwa ile mechi tunatoka, CHAN ya nyumbani kwetu, hatua ya makundi. Watu walishaanza kushuka ngazi wawahi taksi za Bweyogerere. Mbele yangu kulikuwa na mzee mmoja amekunja bendera yake vizuri kabisa akaiweka kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, akafunga fundo, yaani yeye ameshamaliza. Dakika ya 88 penalti, nani anachukua mpira? Okello. Tuko nyuma mabao mawili, uwanja mzima umeshika kichwa, na kijana akaweka wavuni kama yuko mazoezini. Dakika ya 90+5 penalti nyingine, Rogers Torach, wavuni, 3-3! Yule mzee alikuwa anapasua kaveera kwa meno maana fundo lilikataa kufunguka. Kwa ile sare tukaongoza kundi na pointi 7, Afrika Kusini wakaenda nyumbani, na ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuvuka makundi ya CHAN baada ya kwenda mara nyingi na kurudi mikono mitupu.

Mguu uliotutoa shimoni Agosti ndio uliokosa Desemba. Mimi sioni cha kumsamehe hapo. Penalti ya dakika za mwisho wengi wanaikimbia, wanajifanya wanafunga kamba za viatu, yeye aliifuata mara zote mbili, na nakuomba wewe na wengine wote, siku akisimama tena Namboole kupiga penalti mumshangilie kabla hajapiga.

Kitu kinachoniuma zaidi ya ile penalti ni hiki, na sijui kwa nini watu hawakizungumzii. Kule Morocco mechi zote tatu hatujawahi kuongoza hata dakika moja. Bao la Denis Omedi kwa Tunisia lilikuja tumeshapigwa 3-0. La Ikpeazu lilikuja tuko nyuma. La Rogers Mato kwa Nigeria lilikuja tumeshapigwa 3-0 tena. Tunaamka nyumba ikiwa imeshaungua. Timu inayoanza kucheza baada ya kufungwa lazima maisha yake yaishie kwenye penalti ya dakika za majeruhi, na hapo lawama zote zinamwangukia mtu mmoja wakati kosa lilianza dakika ya 10 na lilikuwa la watu kumi na mmoja.

Na pale tulipoanza vizuri tukashindwa kumaliza. Oktoba 14 kule Tizi Ouzou, mechi ya mwisho ya kufuzu Kombe la Dunia, Steven Mukwala alimfunga Algeria dakika ya 6 tu, tukashikilia, tukashikilia, mpaka dakika ya 81 penalti, halafu 90+9 penalti nyingine, Mohamed Amoura zote mbili, 2-1. Tukamaliza kundi nafasi ya pili na pointi 18, ambayo kwa kweli si mbaya, Msumbiji tulimpiga 4-0 hapa nyumbani mwezi Septemba, lakini safari ya Marekani ikawa ya wengine.

Faida ama hasara? Mimi naandika faida, ndogo lakini faida. Robo fainali ya CHAN ilikuwa mara ya kwanza, hata kama Senegal walitutoa 1-0 pale pale Namboole, na kumbuka Kenya na Tanzania nao waliishia robo fainali hiyo hiyo. Hao wateja wako wakicheka tena waambie Agosti tulikuwa sawa.

Nyie watu wa magazeti mnaandika mpira tu mpira tu. Sisi huku Kapchorwa watoto wetu wanaleta medali na hamuoni. Kiplimo amefanya nini mwaka 2025 mbona hamsemi? Mama wa wanafunzi wanne wanaokimbia.

Mama una haki yote ya kulalamika na nakushukuru kwa kutuamsha.

Jacob Kiplimo mwaka 2025 amefanya mambo ambayo nchi nyingine wangefunga barabara. Februari kule Barcelona alikimbia nusu marathoni kwa dakika 56 na sekunde 42, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 57. Aprili akaingia London kukimbia marathoni nzima kwa mara ya kwanza maishani mwake, na akashika nafasi ya pili, 2:03:37, nyuma ya Sabastian Sawe wa Kenya. Wengi wangesema kwa mara ya kwanza inatosha. Oktoba akaenda Chicago akashinda, 2:02:23. Marathoni yake ya pili tu mama! Huyu ndiye yule mtoto wa Bukwo aliyekwenda Olimpiki ya Rio 2016 akiwa na miaka 15, na alichukua ubingwa wa dunia kwenye mbio za nyika Bathurst 2023 na Belgrade 2024.

Hawa watu wa Sebei, huko Mlima Elgon, ukiwahesabu utashangaa. Joshua Cheptegei dhahabu Tokyo mita 5,000 na dhahabu Paris mita 10,000 kwa rekodi ya Olimpiki, Peruth Chemutai dhahabu Tokyo na fedha Paris kwenye kuruka viunzi na maji. Wote wametoka kwenye mlima mmoja. Mpira wetu una viwanja, una mabasi, una wasemaji, na bado tunahesabu robo fainali kama muujiza, wakati huko kwenu mtoto anakimbia kwenda shule kwenye baridi na tope halafu anakwenda kushinda dunia. Ninachotamani mwaka huu ni rahisi, barabara za kukimbilia zilizo salama na walimu wa michezo wanaolipwa, na wale wanne wako wasiache shule kwa sababu ya mbio wala wasiache mbio kwa sababu ya karo.

Wewe tuandikie wakianza kushinda, nafasi nitaitafuta.

Mimi ni mzee, niko Bombo, nimefuatilia Cranes, timu yetu ya taifa, tangu redio za betri. Hivi ilikuwaje wakamrudisha kipa Onyango akiwa na miaka 40? Hatuna vijana?

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni zito na jibu langu ni fupi, kipa si kama winga, miaka 40 langoni inawezekana kabisa, na Denis Onyango si mtu wa kawaida, ana kombe la Ligi ya Mabingwa Afrika la 2016 akiwa na Sundowns ya Afrika Kusini na mwaka huo huo akawa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Aliacha timu ya taifa 2021 na alipoitwa akarudi, mimi namshukuru.

Ila ile siku ya Nigeria pale Fes, 30 Desemba, ilisema yote. Onyango akaanza, akatoka, akaingia Salim Magoola, akapata kadi nyekundu kwa kudaka mpira nje ya boksi, akaingia Nafian Alionzi. Makipa watatu mechi moja mzee wangu, tukafungwa 3-1. Kwa hiyo kweli, vijana wapo lakini hawajapewa mechi ngumu za kutosha, na AFCON ya 2027 haiko mbali.

Nipo Lira, hapa kwetu uwanja wa Akii-Bua unajengwa, kila jioni tunapita kuangalia umefika wapi. AFCON 2027 inakuja Uganda, Kenya na Tanzania. Niambie bila kuficha, tutafika wapi?

Wewe unaishi pazuri sana kwa mtu wa michezo. Jina la huo uwanja ni la John Akii-Bua, mtoto wa Lango aliyekwenda Munich 1972, akashinda mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda. Ukipita tena jioni wakumbushe vijana wenzako.

Bila kuficha, mimi nataka nusu fainali na nitaridhika na robo. Ukiangalia historia, tulifika fainali 1978 Ghana, wenyeji wakatufunga 2-0, na Phillip Omondi alikuwa miongoni mwa wafungaji bora. Halafu tukapotea miaka 39, tukarudi 2017, na 2019 tukafika 16 bora, Senegal akatutoa 1-0. Tangu 1978 hatujapita hapo. Lakini nyumbani sisi ni watu wengine. Mwaka 2025 pale Namboole alifungwa Guinea mara mbili, moja ya kufuzu na moja ya CHAN, akafungwa Msumbiji, Niger, Somalia. Waliotufunga pale ni Algeria na Senegal. Na hapo ndipo kazi ilipo, ukiangalia waliotuumiza zaidi mwaka ule ni Algeria, Senegal, Tunisia, Nigeria, watu wa kaskazini na magharibi, timu ambazo tunakutana nazo siku ya mtihani tu. Mimi ningekuwa na sauti ningesema kila dirisha la mechi za kirafiki twende Tunis, twende Dakar, tupigwe huko sasa hivi wakati haiumi, tujifunze kuanza mechi dakika ya kwanza.

La pili ni wale vijana wa CHAN. Walikaa kambini pamoja wakazoeana, unaona kabisa mtu anatoa pasi bila kuangalia, na kikosi cha namna hiyo kinatakiwa kiwe mgongo wa timu ya 2027, wanaocheza nje waje kuongezea nguvu. Lakini wanatoka kwenye ligi yetu, na ligi yetu msimu wa 2025/26 ilianza kwa mvutano wa mfumo mpya kati ya shirikisho na baadhi ya klabu, mashabiki wakabaki katikati hawajui hata wanahesabu pointi za nini. Mvutano wa namna hiyo hatuutaki, tafadhali sana. Klabu ya SC Villa ilipochukua ubingwa 2024 baada ya kuungoja miaka 20 tuliona jinsi watu walivyojaa, mashabiki wapo, wanachotaka ni kujua mechi iko lini na sheria ni zipi.

Nina binti wa miaka tisa, amekuwa kichaa wa mpira tangu CHAN. Baba yake anasema uwanja si mahali pa mtoto wa kike. Tuko Kireka, Namboole tunaiona. Nifanye nini?

Mpeleke dada, na baba yake aje pia, akiona mtoto anavyofurahi atabadilika mwenyewe. Anza na mechi ya ligi ya mchana, usianze na mechi kubwa ya usiku. Tembeeni kwa miguu maana jamu ya Jinja Road siku ya mechi utaikuta kuanzia hapo hapo kwenu. Namba yako ya simu mwandikie kwenye mkono kwa kalamu, kaeni mbali na wapiga ngoma na vuvuzela, chukua maji na sweta. Na mfike mapema, saa nzima kabla, mtoto awaone wachezaji wakipasha misuli pale karibu na laini, kwa umri wake hiyo inaweza kuwa tamu kuliko hata mechi yenyewe.