Biti mbili, jaribio moja

SWALI: Katika C nina muundo wenye sehemu za biti moja moja. Nikiandika `if (s.wazi && s.tayari)`, je, kompaila husoma kumbukumbu mara mbili?

JIBU: Ukiwasha uboreshaji, kwa mfano `-O2` katika kompaila ya GCC, kwa kawaida hapana. Tuseme `wazi` ni biti 0 na `tayari` ni biti 3 ya baiti ileile. Kompaila huipakia baiti hiyo (tuiite `x`) mara moja tu, huichuja kwa maski 9 (namba inayobakiza biti hizo mbili tu, yaani 1 + 8), kisha hulinganisha: `(x & 9) == 9`. Kwa `||` jaribio huwa `(x & 9) != 0`, na kwa `s.wazi && !s.tayari` huwa `(x & 9) == 1`. Mruko mmoja wa masharti unatosha, na hilo ndilo faida kubwa, kwa sababu kichakataji hubashiri mapema mruko utaelekea wapi, na mruko uliobashiriwa vibaya humpotezea mizunguko mingi ya saa yake.

Uunganishaji huu unaruhusiwa kwa kuwa kusoma biti ya pili hakubadilishi chochote. Ukitangaza sehemu hizo `volatile` (yaani thamani inayoweza kubadilika wakati wowote nje ya programu), au ukiweka katikati ya majaribio mwito wa funksheni unaoweza kugusa muundo, kompaila lazima iyatenganishe. Kwa hiyo weka pamoja biti zinazopimwa pamoja.

Jihadhari sana na `int wazi : 1`. GCC huichukulia kuwa na alama (yaani inaweza kuwa hasi), hivyo thamani zake ni 0 na -1, `s.wazi == 1` haitakuwa kweli kamwe, na kompaila inaweza kulifuta tawi zima. Tumia `unsigned`.