Uliza Mwalimu: Megabaiti 256 alizoziona tajiri

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Natunza seva ya wafanyabiashara wa machungwa hapa Ngamiani, Tanga. Vitabu vyote vya mizigo inayoshuka kutoka Muheza vimo humo. Ina RAM ya gigabaiti 8 na inaendeshwa na Linux. Tangu msimu uanze imekwama mara nne, zote usiku: skrini inaganda, kibodi haiitiki. Kaka aliyenitangulia kazini alinishauri niwashe kdump, huduma ya Linux inayohifadhi picha ya kumbukumbu mashine inapoanguka, nikaongeza crashkernel=256M, yaani kutenga megabaiti 256 za RAM kwa kazi hiyo, kwenye mstari wa kuwashia kerneli, kiini cha mfumo endeshi. Tajiri ameona RAM imepungua, anauliza kwa nini tunafungia kumbukumbu isiyofanya kazi. Halafu juzi imekwama tena. Nikabonyeza kitufe cha umeme, nikaiwasha upya, lakini folda ya /var/crash, ambamo kdump huweka picha hiyo, iko tupu. Nimekosea wapi?
Mtunza seva, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linaloniuma. Kilichokuwa kinatafutwa kilikuwa bado kimo ndani ya RAM mpaka ulipobonyeza kitufe. RAM ikikosa umeme haibaki na kitu. Hujafanya uzembe, kila mtu hufanya hivyo, na hakuna aliyekuonya.

Kdump haiamki kwa sababu mashine imekwama. Inaamka pale tu kerneli yenyewe inapotangaza kwamba imeshindwa. Hali hiyo mafundi tunaiita paniki. Seva yako haikutangaza chochote, iliganda kimya. Kwa hiyo iamuru itangaze. Tengeneza faili ndani ya /etc/sysctl.d, andika humo kernel.softlockup_panic=1, na mstari wa pili kernel.hardlockup_panic=1. Wa kwanza unasema: kichakataji kikishikiliwa na kerneli kwa sekunde 20 hivi bila kuachia, hesabu kwamba tumeanguka. Wa pili unashughulikia mkwamo mzito zaidi, ule ambao hata kibodi haisikii, na kwa maelezo yako huo ndio ninaoushuku. Upo pia mpangilio wa hung_task_panic kwa kazi zinazosubiri zaidi ya sekunde 120. Huo uache kwanza, kwani diski nzito tu inaweza kuuamsha bure.

Sasa la tajiri. Mwambie hivi: megabaiti 256 katika gigabaiti 8 ni sawa na tenga moja katika matenga 32. Halafu mweleze tenga hilo linafanya nini, maana ana haki ya kujua.

Kerneli iliyopaniki haiaminiki tena. Huenda kilichooza ni draiva ya diski yenyewe, yaani programu inayoiendesha. Huenda orodha zake za ndani zimevurugika, haijui tena lipi liko wapi. Ukiiachia iandike kumbukumbu yake kwenye diski wakati inakata roho, inaweza kuandika juu ya vitabu vyako vya mizigo. Ndiyo maana Linux, tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, ina njia nyingine: kerneli ya pili, nzima, inapakiwa mapema ndani ya eneo lililotengwa na kukaa humo bila kazi. Ya kwanza ikianguka, mashine inarukia moja kwa moja kwenye ya pili bila kuzimika na bila kupitia hatua za kawaida za kuwaka, kwa hiyo RAM haifutwi. Ya pili inaishi ndani ya zile megabaiti 256 tu. RAM iliyobaki haiigusi, inaisoma kama faili liitwalo /proc/vmcore. Programu ya makedumpfile inachuja kurasa (vipande vya kumbukumbu) tupu na zisizohitajika, inabana zilizobaki, inaziweka /var/crash, kisha mashine inajiwasha upya.

Tajiri anaweza kusema: basi itengwe siku hiyo hiyo ya kuanguka. Haiwezekani. Siku hiyo kumbukumbu yote imeshagawanywa vipande vipande. Na kuna hatari ambayo wengi hawaijui: kadi ya mtandao na kidhibiti cha diski hupewa anwani za RAM za kuandikia, na vifaa hivyo haviachi kuandika eti kwa sababu kerneli imekufa. Eneo pekee la kutegemea ni lile ambalo halikuwahi kugawiwa mtu tangu mashine inawaka. Ndilo lako hilo. Tafadhali usilipunguze hadi megabaiti 64 ili kumridhisha. Kerneli ya pili ikikosa nafasi inakufa nayo, na unabaki mikono mitupu kama juzi. Diski yako ikiwa imefungwa kwa nywila ya LUKS2, mfumo wa Linux wa kusimba diski, huenda hata 256 zisitoshe, kwani kuifungua peke yake kunaweza kudai hadi gigabaiti 1.

Kuna ofisi moja ya Chumbageni niliyowahi kuihudumia. Seva yao ilianguka miezi mitatu mfululizo, na sote tukaulaumu umeme. Wakanunua stabilaiza. Wakabadilisha RAM. Tulipowasha kdump, faili la kwanza tu lilionyesha mlolongo wa vitendakazi ukiishia kwenye draiva ya kadi ya mtandao, saa ile ile nakala rudufu za usiku zinaposafiri. Tukasasisha kerneli, yakaisha. Fedha waliyoitoa kwenye stabilaiza inanisumbua moyoni hadi leo, kwa sababu mimi ndiye niliyewashauri. Nawe unasema ni usiku kila mara. Angalia ni kazi gani imepangwa kujiendesha saa hizo.

Kabla ya kusubiri anguko lingine, hakikisha mtego umetegwa. Soma /sys/kernel/kexec_crash_loaded: ikitoa 1, kerneli ya pili imepakiwa. Ikitoa 0, umetenga nafasi lakini hujamweka mtu ndani yake, na mara nyingi ni kwa sababu huduma ya kdump haijawashwa. Kisha jaribu kweli. Chagua asubuhi ambayo hakuna lori linaloshusha, chukua nakala ya vitabu vyote, funga programu, andika sync, halafu kama mtumiaji mkuu (root) andika echo c > /proc/sysrq-trigger. Amri hiyo inaiangusha seva papo hapo, bila kuuliza mara mbili, kwa hiyo mwarifu tajiri mapema. Ikiwaka upya na /var/crash ina kitu, umefaulu.

Umeme ukikatika, kdump haisaidii. Hilo ni la UPS, betri ya akiba.

Faili litakalopatikana lichunge. Ni picha ya kumbukumbu ya seva, na linaweza kuwa na nywila au majina ya wateja wa tajiri wako, kwa hiyo lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada. Seva ikiganda tena usiku, kaa mbali na kitufe kwa dakika kumi nzima, iache imalize kuandika na ijiwashe yenyewe. Ndani ya folda kwa kawaida utakuta faili dogo la maandishi ambalo jina lake lina neno dmesg. Nitumie mistari yake 30 ya mwisho, pamoja na toleo la kerneli yako.