Maporomoko ya Soni: vyumba vya wageni viwe vya mwisho

Mdau wa Lushoto ameuliza kama vijana wa Soni wakope wajenge vyumba vya wageni kando ya maporomoko, kwa kuwa maji na chemchemi tayari wanazo. Ndugu yangu, huu ni mwaka wangu wa tisa nikiongoza wageni Rungwe, mkoani Mbeya: maporomoko ya Kaporogwe, Kijungu, na Daraja la Mungu, lile daraja la mwamba wa asili. Nakusihi, msikope kwanza.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hivyo vyumba mnavyoviota pale penye manyunyu vitavunjwa, deni libaki.

Jambo kubwa nililijua kwa kuchelewa. Zamani nilikuwa namfikisha mgeni Kaporogwe, anapiga picha, dakika ishirini tunageuza. Siku moja mama mmoja, mwalimu mstaafu, akaokota jiwe jeusi, akachomeka ncha ya kalamu kwenye vitundu vyake, akaniuliza vimetokana na nini. Sikuwa na jibu, na iliniuma. Nikaenda kuuliza wanaojua miamba: ile ni lava, yaani mwamba ulioyeyuka uliotoka kwenye volkano ukaganda, na vitundu ni mapovu ya gesi yaliyonaswa ilipokuwa inaganda. Sasa nampitisha mgeni pangoni, nyuma ya maji yenyewe, namwonyesha mwamba mgumu ulioning'inia juu na tabaka laini la chini lililoliwa mpaka pango likapatikana. Watu wanakaa saa mbili wakiuliza. Wakitoka wamelowa na wana njaa, mama wa jirani anauza chai na ndizi. Hela ya kijiji inaanzia hapo.

Ila msibebe maelezo yetu. Miamba yetu ya Rungwe ni ya volkano. Kwenu Soni ni milima ya Usambara, sehemu ya safu ya milima ya Tao la Mashariki, miamba ya kale mno iliyoinuliwa na mipasuko ya ardhi. Mtafuteni mwalimu wa jiografia wa sekondari ya karibu, tembeeni naye bonde zima, na wazee wawepo.

Chemchemi ndiyo inayonitia hofu. Kijiji kimoja tulichokuwa tukipita, waongozaji waliwaacha wageni waoge juu ya chanzo cha bomba la wanakijiji. Njia ikafungwa kwa magogo, na wenyeji walikuwa na haki. Pale kina mama wanapochota, mgeni aangalie tu, asiingize hata mguu.

Halafu malipo. Mgeni akilipa getini, akadaiwa tena na mwenye shamba, kisha na vijana wa njiani, harudi. Kubalianeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji: stakabadhi moja, mgawanyo usomwe hadharani. Fedha za kwanza ziende kwenye ngazi, kamba ya kushikia na choo. Mwenzangu alivunjika mkono kwenye utelezi ambao ngazi kumi tu zingeumaliza.

Mkishafanya mkutano niandikie hapa. Mwezi wa saba njia zikiwa kavu naweza kuja, tulitembee hilo bonde pamoja.