Aino ni jina la bibi au la mtoto? Jibu langu kwa mleta mada

Mkuu, umesema mkeo Mfini anataka binti yenu aitwe Aino, ila shangazi wa mkeo anapinga kwamba hilo ni jina la vikongwe. Mimi naishi Tampere, hapa Finland, na nimefanya kazi miaka mingi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo jina hili nalijua kwa sura za watu. Shangazi anasema kweli ya zamani zake. Alipokuwa msichana, akina Aino walikuwa bibi zake. Pale kazini nimewahudumia kadhaa. Lakini nikienda kumchukua mwanangu chekechea, nawakuta akina Aino wengine wanacheza kwenye theluji. Wa umri wa shangazi ndio adimu.

Asili yake inafaa uijue kabla hujakubali. Katika nyimbo za kale za Wafini, neno "aino" lilikuwa sifa tu: binti wa pekee, dada wa pekee. Elias Lönnrot, daktari aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo hizo, ndiye aliyeligeuza kuwa jina la mtu katika Kalevala ya 1849, ule utenzi mkuu wa Wafini alioutunga kutokana na nyimbo hizo. Na kisa chenyewe kinaumiza. Kijana Joukahainen anashindana kwa nyimbo na mzee Väinämöinen, anashindwa, anazamishwa kwenye kinamasi, na ili aokoke anamtoa dada yake aolewe na mzee huyo. Mama anafurahia kupata mkwe mwenye jina kubwa. Aino analia, anaenda ufukweni, anafia majini. Mama naye analia mpaka machozi yake yanakuwa mito.

Utauliza, nani ampe mwanawe jina la msiba kama huo? Walimpa, tena kwa fahari. Wakati ule Finland ilikuwa chini ya Urusi, na wasomi wengi walizungumza Kiswidi kilichobaki tangu utawala wa Uswidi. Kifini kilionekana lugha ya wakulima. Familia zilizotaka kukiinua zilianza kuwapa watoto majina ya Kifini badala ya akina Gustaf na Charlotta, na Aino likawa kama bendera yao. Ndiyo maana ukisoma habari za watu wa kipindi hicho unakutana nalo mara kwa mara: mwimbaji Aino Ackté, mwandishi Aino Kallas, msanifu majengo Aino Aalto. Aino Järnefelt aliolewa na mtunzi Jean Sibelius mwaka 1892, na nyumba yao kule Järvenpää ikaitwa Ainola. Mwaka mmoja kabla ya harusi hiyo, Akseli Gallen-Kallela alikuwa amemaliza picha yake ya sehemu tatu ya kisa cha Aino. Iko Ateneum, jumba la makumbusho ya sanaa la Helsinki. Mpeleke mkeo mkaitazame pamoja kabla mtoto hajazaliwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 jina likaenea hadi kwa watu wa kawaida, na hapo ndipo lilipoanza kuchakaa. Wazazi wa baada ya vita hawakutaka majina ya mama zao. Wajukuu na vitukuu ndio waliolirudisha, na katika karne hii limekuwa miongoni mwa majina ya wasichana yanayopendwa kabisa nchini. Majina mengi ya hapa huenda hivyo: hulala mpaka wale waliolichoka wapungue.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa mkeo. Mtoto hatachekwa shuleni. Pengine atakuta Aino mwenzake darasani. Sheria inaruhusu hadi majina manne ya kwanza, basi la bibi yake wa upande wako nalo liingie. Mna miezi mitatu tangu azaliwe kulipeleka kwenye mamlaka ya usajili. Na waambie nyumbani mapema kwamba mkazo uko mwanzoni, ÁI-no; sisi ulimi wetu huvuta kwenye "i".