Mkono Hauna Tarehe: kwa wewe unayeanza kugredi maua

Juzi nilimkuta msichana mgeni penye bomba la maji nyuma ya gredingi, banda la kupanga maua kwa daraja na kuyafunga mashada, anakung'uta mkono wa kulia kama aliyeshika sufuria ya moto. Nikamuuliza vidole gani. Akashangaa, kisha akanionyesha: gumba, cha shahada, cha kati. Kidole kidogo hakina shida. "Lakini ni uchovu tu, mama, nitazoea."

Hata mimi nilisema nitazoea. Nimegredi mawaridi huku Naivasha miaka kumi na moja, na kovu lililo kwenye kifundo changu cha mkono ndilo jibu la kuzoea kwangu. Siku hizi nahesabu maboksi kwenye mlango wa kolduu, chumba cha baridi cha kuhifadhia maua. Kwa kuwa nina muda wa kutazama mikono ya watu, nimeona nikuandikie wewe uliyeingia msimu huu, kabla hujaanza kukung'uta.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu akikatwa kidole na mashine ya kupunguza vikonyo, damu inaonekana, saa inajulikana, mashahidi wako mezani. Mkono wa kugredi hauvuji damu. Unaumia kidogo leo, kidogo kesho, unapoa Jumapili, unarudi Jumanne. Ukija kuulizwa uliumia lini, huna jibu. Na mambo ya fidia yote yanaendeshwa kwa kalenda: siku ya kuumia, siku ya kutoa taarifa, siku ya kudai. Kazi yako, kuanzia leo, ni kuupa mkono wako tarehe. Mengine nitakayosema yanatoka hapo.

Kwanza ujue kinachoumia. Kwenye kifundo cha mkono, pale unapofungia saa, kuna njia nyembamba ya mfupa na ukano. Ndani yake hupita kano tisa za kukunja vidole pamoja na neva moja inayoleta hisi kwenye gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Ukiparura majani na miiba, ukibana shada, ukinyoosha raba bendi kwa gumba, ukarudia hivyo mamia ya mara kwa siku huku kifundo kimepinda, zile kano huvimba. Njia haipanuki. Neva inabanwa. Ndiyo maana kidole kidogo hakikuwa na shida kwa yule msichana. Neva ya kidole hicho haipiti humo. Madaktari huita kapali taneli. Mwingine ataumia upande wa gumba tu, akishika kikombe anaruka. Mwingine kidole kitakwama kimekunjwa, akikivuta kinaachia ghafla kama kufuli. Hayo si ugonjwa mmoja, na matibabu yake hayafanani, kwa hiyo usikubali kuambiwa "ni baridi ya kolduu" ukapewa dawa ya kupaka ukaondoka. Baridi na maji vinazidisha, ni kweli, lakini sicho chanzo peke yake.

Dalili ya mapema huja usiku. Saa nane unaamka mkono umekufa ganzi, unauning'iniza nje ya kitanda, unaukung'uta, unalala tena. Mimi niliendelea hivyo zaidi ya mwaka. Asubuhi nilikuwa sawa, basi nikaona haina haja. Kilichonishtua ni sarafu. Nilikuwa kwenye matatu ya kwenda Karagita, nikaingiza mkono mfukoni nitoe nauli, nikashindwa kujua kama nimeshika shilingi kumi au ishirini. Nilizitoa zote nikazitazama kwa macho kama mtoto. Baadaye nikashindwa kusuka nywele za binti yangu. Nikafunga nywele za mtoto kwa kitambaa, nikasema mtindo mpya.

Muda huo wote nilinunua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa, viwili asubuhi, viwili jioni. Msimu wa Valentine, ambapo Januari na mwanzo wa Februari hakuna anayeuliza saa ya kutoka, nilimeza zaidi. Nikapata vidonda vya tumbo juu ya mkono. Na kibaya kuliko vidonda, vidonge vya duka havina karatasi. Mwaka mzima wa maumivu, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba niliumwa.

Kwa hiyo nenda kliniki mapema, hata kama unaona aibu kupanga foleni na mtu aliyechomwa na dawa ya kunyunyizia maua. Na ukifika usiseme tu "mkono unauma." Sema: nagredi mawaridi, mkono wa kulia, mashada kadhaa kwa siku, unakufa ganzi usiku tangu mwezi fulani. Kisha omba, kwa heshima lakini bila kuondoka, aandike kazi yako kwenye kadi. Kadi yangu ya kwanza iliandikwa "maumivu ya misuli" na jina la dawa, basi. Karatasi hiyo ingeweza kuwa ya mtu yeyote, hata mwanasheria au mcheza ngoma. Bora maumivu yawe na kazi kando yake na tarehe juu yake.

Daftari. Hili nilikuwa nalo kwa bahati tu. Nilikuwa na daftari la shule la binti yangu ambamo niliandika idadi ya mashada kila siku ili nisipunjwe bonasi. Hesabu zangu na za supavaiza zilikuwa zinatofautiana kila mwisho wa mwezi. Mambo yalipofika mbali, mwajiri aliandika kwamba mkono wangu uliharibika kwa kufulia watu nguo siku za ofu. Na kweli nilikuwa nafua, sitakudanganya, mshahara ulikuwa hautoshi. Lakini kufua kulikuwa Jumapili moja moja, na daftari lilionyesha mashada ya siku sita kwa wiki, miezi mingi, pamoja na ovataimu. Ofisa aliyeshughulikia dai langu alilifungua akasoma kimya muda mrefu. Andika basi: tarehe, idadi, saa ya kuingia na kutoka, meza gani, na mstari mmoja kuhusu mkono. "Ganzi usiku" inatosha.

Sasa taarifa. Sheria yetu ya fidia za majeraha kazini, ile watu wanaiita WIBA, ni ya mwaka 2007. Inahesabu ugonjwa uliotokana na kazi kama inavyohesabu ajali. Unaruhusiwa kumjulisha mwajiri kwa mdomo au kwa maandishi. Wewe chagua maandishi. Mdomo husahauliwa na supavaiza huhamishwa. Barua ya mistari minne, nakala moja wapige muhuri wa kupokea, au ipeleke ukiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Mwajiri akishapata taarifa ana siku saba za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini kwa fomu maalumu, ambayo sehemu yake moja hujazwa na mwajiri na nyingine na daktari. Mwajiri wa Kenya analazimika kuwa na bima ya jambo hili, na gharama ya matibabu ya jeraha la kazi ni yake. Ukiambiwa "tumia SHA yako," yaani bima ya afya ya serikali, uliza kwa nini jeraha la kazini liende kwenye mchango uliokatwa kwako.

Wengi hapo ndipo huogopa. Kandarasi ni ya msimu, na anayelalamika haitwi tena. Siwezi kukuambia hofu hiyo ni ya bure, nimeona watu wasioitwa tena. Nilichoona pia ni kwamba anayeripoti peke yake, kwa kunong'ona, ndiye anayepotea kwa urahisi. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi sheria inataka kamati ya usalama na afya. Uliza majina ya wajumbe wake siku ya kwanza, kabla hujawahitaji. Mmoja wao akawepo unapopeleka barua.

Dai lenyewe lina muda wa miezi 12. Kwa ajali ni rahisi kuhesabu. Kwa mkono kama wangu, bima ilitaka kuhesabu tangu nilipoanza kuumwa, na kwa hesabu hiyo nilikuwa nimeshachelewa. Kilichoniokoa ni kwamba ofisa alihesabu tangu karatasi ya kipimo cha neva, kile cha kukubandika waya na kukupiga vijishoti vya umeme mkononi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza daktari aliupa ugonjwa wangu jina. Lakini usijipimie kwa bahati yangu.

Pesa inavyohesabiwa ni hivi, maana hapa uvumi ni mwingi kuliko maua. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda kwa amri ya daktari, kuna malipo ya kipindi hicho, mwisho miezi 12. Ukibaki na kilema cha kudumu, daktari anatoa asilimia, na fidia huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia hiyo. Mimi nilikuwa napata 14,200 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,363,200. Nilipewa asilimia 8, ikawa 109,056. Daktari wa bima alikuwa ameandika 3, ambayo ingekuwa shilingi 40,896.

Tofauti ya 3 na 8 haikutoka kwenye mkono, mkono ulikuwa uleule. Jedwali la sheria limeandikwa zaidi kwa viungo vilivyopotea: kidole, jicho, mguu. Mkono uliobaki mahali pake lakini hauhisi sarafu, thamani yake inategemea daktari ameandika nini. Daktari wa kwanza aliniuliza, "Unaweza kufunga ngumi?" Nikafunga. Akaandika. Wa pili nilimweleza kwamba siwezi kufunga kifungo cha sare, siwezi kusuka, nimeangusha sufuria ya uji mara mbili, siwezi kukamua nguo. Akanipa kalamu nishike, akanipa kadi ya karatasi nibane kwa gumba huku anaivuta. Ikatoka bila yeye kutumia nguvu. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa daktari wa asilimia, kaa usiku uandike vitu kumi ambavyo mkono hauvifanyi tena. Usikaze mwili mbele yake kuonyesha ujasiri. Sisi wanawake wa mashambani tuna tabia hiyo.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi una siku 60 za kupinga kwa maandishi, naye ana siku 14 za kujibu. Ukikataa jibu lake, unakwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ndani ya siku 30. Na Mkurugenzi akishapeleka dai, mwajiri au bima ana siku 90 za kulipa. Yangu ilipita hizo 90, nikawa naenda ofisini kila wiki ya pili na barua mkononi, mpaka mlinzi akanizoea.

Halafu kuna wale wanaotafutia mawakili kesi, watakaokufuata stendi. "Mama, mkono huo ni laki tano, weka sahihi hapa." Usiweke. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai haya yaanzie kwa Mkurugenzi, kwa hiyo kuanza hakuhitaji wakili, na fomu haiuzwi. Wakili ana mahali pake, hasa kwenye rufaa. Wachumaji chai wa Kericho wanaosema migongo yao iliharibiwa na kazi walifika hadi mahakama ya Edinburgh, Skotlandi, kuishtaki kampuni ya chai ya James Finlay (Kenya), na mwaka 2023 majaji wa rufaa huko wakaisimamisha kesi, wakisema njia ya WIBA hapa nyumbani ipitiwe kwanza. Kama Skotlandi inakurudisha kwenye fomu ileile, basi anza nayo.

Kuhusu kujikinga sina mengi, na sipendi mabango ya "nyoosha mikono dakika mbili" yanayobandikwa juu ya meza yenye tageti isiyoruhusu dakika moja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inamtaka mwajiri alinganishe meza, vifaa na kazi yenyewe na uwezo wa mfanyakazi. Kwa hiyo kuomba ubao wa kusimamia kama wewe ni mfupi si kudeka. Mimi ni mfupi, niligredi miaka mitano mabega yakiwa masikioni hadi fundi mmoja akanipigilia paleti nisimamie. Omba glovu inayokutosha, kwa sababu glovu kubwa unaikamata mara mbili: mara moja ua, mara moja glovu yenyewe. Omba kubadilishana, nusu siku kuparura, nusu siku kufunga. Wengine watakuambia kubadilishana kunapunguza kasi. Kwenye meza yetu kasi ilishuka siku tatu, kisha ikarudi.

Yule msichana wa bombani aliniuliza kama atafutwa akienda kliniki. Nikamwambia aende Jumatatu asubuhi mapema, kabla ya shifti, na akirudi anionyeshe kadi. Ameileta. Wameandika "mgredi, mkono wa kulia, miezi miwili." Nimemwambia aipige picha kwa simu na ya asili aipeleke nyumbani, asiiweke kwenye loka. Mimi niliporudi kutoka likizo ya ugonjwa loka yangu ilikuwa imepewa mtu mwingine. Vitu vyangu vilikuwa kwenye mfuko wa plastiki kwa mlinzi: aproni, glovu, ndala, kikombe. Kadi za kliniki za miezi minne hazikuwemo.